Vichwa vya Chaja na Kiganja cha Shangazi Nyangeta

Ipo siku moja ya mvua ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko Krismasi zote nilizokula. Hunijia kila anapoingia kijana dukani kwangu hapa Nyakato, Musoma, akanyanyua kichwa cha chaja, akakipimapima mkononi kama anayenunua kuku, halafu akaniambia kwa uhakika wote, "Bibi, hiki kizito, hiki ndiyo orijino." Mimi hucheka kwanza. Simdharau. Nacheka kwa sababu mmoja wa waliowazoesha watu wa huku kupima hivyo alikuwa shangazi yangu mwenyewe, na nilikuwepo siku kiganja chake kilipomwangusha.

Umenieleza kwamba umepata mtu wa kukuuzia katoni ya vichwa vya chaja kwa bei poa, na kwamba utavizungusha Bunda, Butiama na huku Musoma mpaka viishe. Macho yako yalikuwa yanang'aa ulipokuwa unasema na kunionesha hivi viwili vya mfano. Sikukatazi. Vitu vya bei rahisi vina watu wake, na watu hao ni sisi. Ila kabla hujaenda kuchukua hiyo katoni, kaa hapo kwenye kreti la soda nikusimulie, na simu yako iweke mfukoni kwanza.

Shangazi Nyangeta alikuwa dada wa baba. Aliishi Nyasura, pale Bunda, na baada ya mumewe kufariki alibaki peke yake na biashara yake. Nilipomaliza shule bila matokeo ya kujivunia, baba alinipeleka kwake nikamsaidie. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye viganja vipana kweli, na viganja hivyo ndivyo vilivyompa jina. Watu walimwita Mizani.

Ujana wake wote alinunua samaki mialoni. Alikuwa anamnyanyua sangara kwa mkono mmoja, anamtikisa kidogo, anataja kilo, na mizani ya mwenye samaki inamfuata yeye. Akahamia kwenye kuku, ikawa hivyo hivyo. Wakati wa pamba watu walimwita abebe gunia kabla ya kulipeleka kupimwa, ili wajue kama wataibiwa. Kwa hiyo alipoanza kuzunguka masokoni na sufuria, kandambili, tochi na redio ndogo, jina lilikuwa limeshamtangulia. Mteja alikuwa hanunui mpaka Mizani akishike kitu, akipime, aseme, "Hiki kina mwili." Akishasema hivyo, bei haijadiliwi tena.

Basi zikaja simu za kupangusa. Zilikuwa zinakula chaji kama ng'ombe wa kiangazi, na kila mtu akawa anatafuta kichwa cha chaja. Kabla ya hapo tulikuwa tunauza adapta kubwa za redio, zile nyeusi zenye nyaya za shaba zimezungushwa ndani, nzito kama jiwe la kusagia, na kweli zilikuwa zinadumu. Ndiyo maana watu walishika hesabu hiyo kichwani, kwamba kizito kinadumu na chepesi kinakufa. Haikuwa ujinga, mwanangu. Ilikuwa imewafaa miaka mingi, na kitu kikishakufaa miaka mingi unaacha kukiuliza maswali.

Siku ya kununua katoni ile tulikuja Musoma, kwenye duka la jumla ambalo siku hizi halipo. Mwenye duka alituwekea mezani aina mbili. Za kwanza zilikuwa ndogo, nyepesi, hazina mvuto. Za pili zilikuwa nyeupe, zimenona, zinang'aa, zimebandikwa karatasi ya dhahabu. Shangazi akashika hizi, akashika zile, akafumba macho kidogo kama alivyozoea.

"Hizi nyeupe," akasema. "Hizi zina mwili."

"Mama una jicho," mwenye duka akamwambia.

"Sina jicho. Nina mkono."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilicheka pia, nikabeba katoni kichwani nikijiona mfanyabiashara mkubwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Buswahili. Tulipanga turubai letu, tukawasha jenereta ndogo ya kujaribishia, maana huko mteja lazima aone kitu kinafanya kazi ndipo atoe hela. Ukichomeka kichwa cha chaja, unaunganisha simu ya mteja, simu inalia, unasema, "Umeona? Inaingiza!" Jaribio lote ndiyo hilo. Kwa kadiri tulivyojua, simu ikilia basi kichwa ni kizima.

Ila hatukupata wateja, maana mvua ilishuka kabla ya watu kujaa. Soko likakimbia lote. Wenye vitunguu walikimbia, wenye mitumba walikimbia, mbuzi wakabaki wanalia peke yao. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kwetu chini ya turubai. Alikuwa mama kijana, Perusi jina lake, mtoto mchanga mgongoni amefunikwa na nailoni, mwingine mdogo ameshikilia gauni lake. Alitaka kichwa cha chaja.

Alikuwa mchangamfu, anaongea bila breki. Alituambia mume wake yuko kisiwani kwenye dagaa, akipata mtandao ndiyo anapiga, na simu ikizima anafikiri mke amepata shida. Alituambia umeme umefika kwao juzi juzi, nyumba yao ni ile ya nyuma ya ghala la pamba, yenye mlango wa bluu. Akasema na simu analala nayo ndani ya chandarua, na waya anaupitisha chini ya godoro, maana huyu mkubwa anavuta kila kitu na kuku wanaingia mpaka kitandani.

"Mama Mizani, kishike na wewe," akasema. "Mimi naamini mkono wako tu."

Shangazi akakishika, akakipima. "Hiki kina mwili, mwanangu. Nenda nacho."

Tulimjaribishia, simu ikalia, akaondoka na mvua yake. Tulifunga mzigo na kurudi Nyasura tumelowa. Katika katoni nzima tulikuwa tumeuza kimoja.

Asubuhi nilikuwa nafuta tope kwenye bidhaa. Kichwa kimoja kikaniponyoka, kikaanguka kwenye sementi, kikapasuka katikati kwenye ule mstari wa kuungia. Kikatoka kipande cha chuma, kikabingirika mpaka miguuni kwa shangazi aliyekuwa anakunywa chai. Nilidhani ni kitu kilichoanguka kutoka mezani. Nikakiokota, nikaona upande mmoja kina gundi.

Shangazi akaweka kikombe chini. Alichukua ganda lililopasuka, akatazama ndani. Kulikuwa na kibao kidogo cha nyaya, chembamba, hakijai hata nusu ya ganda, na alama ya gundi pale chuma kilipokuwa kimebandikwa. Akaweka ganda kwenye kiganja cha kushoto na chuma kwenye kiganja cha kulia. Akakaa hivyo, mikono miwili wazi. Uzito wote ulikuwa upande wa chuma. Yule aliyetengeneza kitu kile alituelewa vizuri sana, mwanangu, mpaka leo naumia nikifikiria. Alijua kuna watu mahali fulani wananunua kwa mkono, akawawekea kitu cha mkono.

Kisha shangazi akafanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Alichukua kichwa kingine katika katoni ile ile, akakichomeka ukutani, akaunganisha simu yake iliyokuwa imeisha chaji, akakiacha juu ya sinia la bati, akaketi mbele yake kama anayengojea wali uive. Alikuwa anakizima tu anapotaka kukigusa, halafu anawasha tena. Mwanzoni kilikuwa vuguvugu. Baadaye kikawa cha moto. Kabla simu haijafika hata nusu, nikasikia harufu, ile harufu ya sahani ya plastiki iliyowekwa karibu na jiko. Shangazi akazima swichi ukutani, akachomoa. Ganda lilikuwa limelainika, ukibonyeza kidole kinaacha alama.

"Yule mama wa Buswahili," akasema.

Nilikuwa nimeshamfikiria. Nilifikiria waya chini ya godoro la sponji, chandarua, na yule mchanga. Lakini nilikuwa kijana, na kijana akiogopa hutafuta njia fupi.

"Shangazi, namba yake hatuna. Ila siku ya soko itafika, atakuja tu, tutambadilishia."

Alikuwa anatafuta kitenge chake cha safari. "Nyamisi," akasema akiwa amenipa mgongo, "yule mtoto anajuaga siku ya soko ni lini?"

Hata hivyo sikukoma, maana kulikuwa na jambo lingine lililokuwa linanikaba. "Ukienda kusema umekosea, Shangazi, nani atanunua kwetu tena? Watu wananunua mkono wako."

Hapo akageuka. Sikuwa nimewahi kumwona na uso ule, wala sikuuona tena. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na hakuificha.

"Jana mkono wangu ulisema uongo, haukujua," akaniambia. "Leo unajua. Nikikaa hapa kunywa chai, huo sasa ni uongo wangu mimi, siyo wa mkono. Vaa viatu."

Akaenda chumbani kwake, akachomoa kichwa cha chaja alichokuwa anatumia mwenyewe. Kilikuwa cheusi, kidogo, chepesi, kimechubuka, kimekaa naye muda mrefu bila matata. Akakifunga kwenye leso. Tulipata lifti ya kenta iliyokuwa inapeleka mabati Butiama, tukakaa mbele na dereva, na kutoka hapo tukachukua pikipiki moja sote wawili. Barabara ilikuwa matope matupu. Shangazi, mtu aliyekuwa hapendi pikipiki hata kuisikia, alikuwa anamwambia dereva, "Kaza mwanangu, kaza." Kila tulipopanda kilima nilikuwa naangalia mbele kama nitaona moshi. Niliona moshi mara nyingi. Ulikuwa wa majiko ya watu.

Mlango wa bluu tuliuona kwa mbali, na nyumba ilikuwa imesimama. Nilishukuru kwa sauti, dereva akanicheka.

Perusi alikuwa nje anamenya mihogo, mkubwa wake anacheza na maganda. Alipotuona akaruka juu kwa furaha. "Shikamoo Mama Mizani! Karibuni, karibuni jamani! Nyamisi, vuta hicho kigoda." Akaanza kukimbilia jikoni kututafutia uji. Unajua kwetu mgeni hatoi neno lake kabla hajakaa, hajaulizwa safari, hajaulizwa watu wa kwao na ng'ombe wa kwao. Shangazi alivunja yote hayo. Alibaki amesimama.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala ndani." Furaha ikaanza kumtoka Perusi usoni. "Kuna nini?"

"Na kile kichwa cha chaja?"

"Kiko hapo hapo, kinachaji. Tangu asubuhi hakijapumzika, majirani wote wanaletaga simu kwangu sasa. Kizuri sana, Mama."

"Nenda umtoe mtoto kwanza. Halafu uzime, uniletee."

Sasa hapo, mwanangu, ndipo nilipotegemea kwamba Perusi atakimbia. Hakukimbia. Alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akaitazama ile leso ambayo shangazi alikuwa anaifungua. Alipoona kile kichwa cheusi kilichochubuka, akaelewa mambo kwa namna yake.

"Aa, hapana," akasema. "Nimewaelewa. Mmesikia bei imepanda, mmekuja kukichukua muuze kwingine. Mimi nimenunua. Mnaniletea mzee niwape kijana?"

"Perusi, hiki nakitumiaga mwenyewe nyumbani."

"Hicho hakina mwili! Si ndiyo wewe ulinifundisha hapo sokoni? Kile kina mwili, ulisema mwenyewe, Nyamisi alisikia."

Nikatamani ardhi inimeze. Maneno ya shangazi yalikuwa yanarudi kwake moja moja, na kila moja lilikuwa la kweli. Mtu mwingine angepandisha sauti. Angemwambia huyu mama hana adabu, kijana anabishana na mkubwa. Shangazi alikubali kwa kichwa.

"Ndiyo, nilisema. Sikunyang'anyi, mwanangu. Kilete tu wewe mwenyewe nikuoneshe kitu, na ukitaka kubaki nacho baada ya hapo, sitabishana. Lakini kilete sasa hivi."

Perusi akaingia ndani akiguna. Tulisikia swichi ikizimwa. Alipotoka alikuwa amekishika kile kichwa cheupe kwa khanga iliyokunjwa, kama mtu anayeepua sufuria.

"Mbona umekishikia khanga?" shangazi akauliza.

"Si cha moto."

"Na usiku kilikuwa cha moto hivyo?"

"Kilikuwaga hivyo hivyo tangu jana. Nilifikiri ndiyo nguvu zake."

"Kililala wapi?"

Perusi akainamisha macho. Akaitazama khanga aliyoshika. Katikati yake palikuwa na doa la kahawia la kuungua, mviringo mzuri wa ukubwa wa kichwa cha chaja. Ilikuwa ndiyo khanga aliyokuwa amekifunikia pale alipolala mtoto ili kuku wasikidonoe.

Alidondosha vyote viwili. Alirudi ndani mbio, na akatoka na mtoto amemkumbatia kifuani, mtoto analia kwa kuamshwa vibaya, mama anamkagua miguu, anamkagua mikono, anamgeuza huku na huku. Mtoto alikuwa mzima. Alikuwa na hasira tu. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye maganda ya mihogo.

Shangazi aliokota kile kichwa cheupe kilipopoa, akatafuta jiwe, akakipasua, akatoa chuma, akakiweka mbele ya Perusi. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu mzima wa umri wake akimfanyia mtu wa umri ule. Alipiga magoti kwenye tope.

"Nilikipima kama ninavyopimaga samaki," akasema. "Wewe uliniamini, nami sikujua ninachosema. Mwanangu, nisamehe."

Perusi alilia. Shangazi pia alilia. Mimi usiniulize. Baadaye tulikunywa ule uji, tena vikombe viwili viwili, na kichwa cheusi kikabaki kwenye nyumba ya mlango wa bluu. Perusi akakipanga juu ya kigoda, mbali na kitanda, akamwambia mkubwa wake kwamba atakayekigusa atakiona.

Katoni ile tuliirudisha Musoma. Mwenye duka alituambia vitu vya bei ile havirudishwi. Mimi nikamwambia shangazi tumpe mmachinga yeyote avimalize kwa bei ya kutupa, tuokoe kidogo. Aliniuliza tu, "Huyo mmachinga atauzia nani?" Tulivipasua vyote nyuma ya nyumba, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa na chuma. Hasara ile ilituuma, sitakudanganya, tulikula ugali na mlenda mpaka nikawa siutaki mlenda kuusikia.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda Buswahili najikokota. Nilijua Perusi ameshasema, na alikuwa amesema kweli, tena amesema kwa kipaji chake. Soko zima lilikuwa linajua. Wengine walikuja kutucheka. "Mizani imeharibika!" Shangazi akawaitikia, "Imeharibika kwenye umeme tu. Kuku leteni." Wakacheka zaidi. Lakini kwa vichwa vya chaja akatangaza wazi mbele ya watu, kwamba kuanzia siku ile hauzi kichwa cha chaja ambacho vingine vya katoni hiyo havijalala kwanza nyumbani kwake, vikichaji juu ya lile sinia. Watu wakaona ni mzaha. Baada ya miezi kadhaa wakawa wanauliza wenyewe, kabla hata ya bei, "Mama, hivi vimelala?" Na hawakununua kwa wasioweza kujibu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapokuambia la kufanya. Usichukue katoni kabla hujachukua kimoja. Chukua kimoja, chukua viwili, nenda navyo kwako. Kitazame kwanza kikiwa baridi. Mstari wa kuungia uwe umebana, kucha isiingie. Meno yake ya kuchomeka yasicheze, na yakiingia kwenye soketi yasilegee wala kutoa cheche. Kitikise sikioni, kama kitu kinagonga ndani kiache huko huko. Soma maandishi yake polepole. Mtu aliyeshindwa kuandika vizuri jina la kitu chake, au aliyeandika nguvu kubwa ambayo huioni ikiingia kwenye simu, atakuwa amepunja na mengine usiyoyaona.

Kisha kilaze. Ninaposema kulaza sina maana ukiweke kitandani, maana hapo utakuwa umefanya yale yale ya Perusi. Kiweke juu ya sinia la bati au sakafu tupu, mbali na nguo, na wewe uwe macho, uko hapo. Kipe simu iliyoisha kabisa, si simu iliyojaa, kwa sababu kila kitu huonekana chema kisipokuwa na kazi. Kirudie siku kadhaa. Zima ndipo ukiguse. Kikiwa vuguvugu, huo ndio mwili wake, usiogope. Kikiwa cha moto mpaka mkono unataka kukimbia, kikitoa harufu, kikilalamika kwa kuvuma, au ganda likilainika, usikiuze kwa mtu yeyote, hata usiyemjua, hata kwa bei ya bure. Kivunje.

Na hata kikifaulu yote hayo, mwambie mteja ukweli wako. Sema, "Hiki nimekijaribu kwangu hivi na hivi, ndani sikioni." Mwambie asikifunike, asikiweke chini ya godoro, asikiache ndani ya chandarua. Haichukui muda kusema. Mwambie kikichemka akirudishe, na akikirudisha kipokee bila kununa. Usiseme "orijino" kwa kitu usichokijua kilikozaliwa. Tangu shangazi alipofariki mimi sijalitumia neno hilo, na duka bado liko wazi.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usingoje siku ya soko. Panda pikipiki.

Hiki hapa ndicho chuma cha kile cha Perusi, kiko kwenye droo yangu siku zote. Kishike. Umeona kilivyo na mwili? Basi kirudishe droo, usije ukakizoea. Na hivyo vichwa viwili ulivyokuja navyo viache hapa kwenye sinia, vilale kwangu kwanza, Jumatatu uje nikuambie walikuwa wageni wa aina gani.

Nenda salama, mwanangu. Mungu abariki mikono yako na akupe wateja wengi. Akupe usingizi mzuri kila unapolala, na kila nyumba iliyonunua kwako, kuanzia Nyasura mpaka Buswahili, iamke asubuhi na watoto wake wote.